Mgongo Ulionidanganya

Sanduku la Posta 318,
Canora, Saskatchewan.
24 Mei, 2009.

Mpendwa mdogo wangu Nestor,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Colleen na watoto, huko mliko Whitehorse. Hamjambo nyote? Baridi imewaachia, au bado mnakaa mezani na makoti? Goti lako ulilolilalamikia wakati wa Krismasi linaendeleaje? Natumaini limetulia, maana najua usivyopenda kwenda kwa daktari. Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala na anasema, tena anasema sana. Kwa hiyo usiogope kwa kuona bahasha nene namna hii. Si barua ya msiba.

Theluji ilitutoka mwishoni mwa Aprili, na mabwawa yote ya njia ya kaskazini yamejaa bata. Lawrence yuko shambani anapanda kanola ya kukamua mafuta. Anaondoka na chupa ya chai na kurudi ana vumbi mpaka kwenye kope, akifika anaanguka kwenye kiti kama gunia. Anasema udongo mwaka huu una unyevu mzuri, lakini unamjua shemeji yako, hatasema mavuno ni mazuri mpaka yawe ghalani na mlango umefungwa.

Wanawake wa kanisani bado tunakutana kila Alhamisi ukumbini kukunja pirohi, yale maandazi ya kuchemsha ya viazi na jibini. Wanakuulizia. Bi. Doreen anasema hajawahi kuona mtoto mwingine aliyekula pirohi arobaini kwa kikao kimoja kisha akaomba supu ya bitiruti.

Sasa, Nestor, nije kwenye jambo lililonikalisha hapa mezani. Mara tatu tangu Pasaka nimekupigia simu nikiwa nimejiandaa kukuambia, na mara tatu nimeishia kukuuliza hali ya hewa. Nikaona nikuandikie. Karatasi hainikatizi, wala haininyamazii ikaniacha nikisikiliza pumzi yako.

Mama hakuteleza kwa sabuni.

Soma pole pole, tafadhali, na usisimame ukamwambie Colleen kabla hujafika mwisho.

Unajua mgongo wangu umekuwa ukinisumbua tangu mwaka 2006, nilipomdaka yule mzee mnene aliyekuwa akianguka pale kazini. Miaka ishirini na mbili nimekuwa mhudumu wa wazee, nikiwanyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni. Wasichana wapya wakija, mimi ndiye ninayewafundisha jinsi ya kusimama, jinsi ya kukunja magoti, jinsi ya kumshika mtu. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma, nilimeza vidonge na kuendelea. Niliona aibu kuonekana mwalimu ameshindwa somo lake mwenyewe.

Siku ile ya Desemba ilikuwa Alhamisi. Wahudumu wawili walikuwa wanaumwa mafua, basi tuliobaki tukafanya kazi ya watu wanne tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipofika nyumbani njia ilikuwa imezibwa na theluji, nami nikashika sepetu nikaizoa yote hadi mlangoni, kwa sababu Lawrence alikuwa amepeleka ngano mjini. Nilipoingia, Mama alikuwa anangoja. Kesho yake padri angekuja kumpa komunyo, naye alitaka kuoga.

Lawrence alikuwa ameniomba siku nyingi nisimtoe Mama bafuni peke yangu. Tangu alipopata kiharusi mguu wake wa kushoto haumbebi, na Mama si mwepesi. Tena kule ofisi ya afya wangetuazima mashine ya kunyanyulia bila malipo. Nilikataa. Nilisema mashine ni za wageni, huyu ni mama yangu.

Nikamwogesha. Kisha nikafanya kama nilivyofanya mara elfu: nikainama, akanizungushia mikono shingoni, nikamshika kiunoni, nikahesabu moja, mbili, tatu. Nestor, mpaka leo nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia nimesimama wima kama nguzo ya simu. Ungeniuliza wakati ule, ningekuapia mbele ya msalaba kwamba mgongo wangu umenyooka. Halafu uzito wote ukaenda kushoto, kama mtu amevuta zulia, na mikono ya Mama ikatoka shingoni mwangu. Alianguka kati ya bafu na sinki. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa sinki, mzima. Sauti ya nyonga yake ilipogonga sakafu sitaiandika.

Hospitalini daktari aliuliza imekuwaje. Nilifungua kinywa. Mama, akiwa amelala pale, uso mweupe kama unga, akanitangulia.

"Niliteleza, daktari," akasema. "Sabuni."

Alisema hivyo akinitazama mimi, si daktari. Nami nilinyamaza. Jioni ile nikakupigia simu, nikakuambia ameteleza kwa sabuni, na wewe, Mungu akubariki, wiki iliyofuata ukatuletea kwa posta ule mkeka wa mpira wa kuweka bafuni asiteleze tena. Nilishukuru kwa simu. Kisha nikaufungia kabatini, sikuweza hata kuutazama.

Januari uliponiandikia kwamba umefika wakati Mama aende nyumba ya wazee, na nyumba hii iuzwe, nilikujibu maneno makali. Nilikuambia hutaki taabu. Nilikuambia hakuna duniani atakayemshika Mama kama ninavyomshika mimi. Nililiandika hilo hali ninajua nyonga yake imefungwa kwa misumari ya chuma kwa sababu ya mikono yangu. Naomba unisamehe maneno yale kabla hujanisamehe mengine, maana yale niliyachagua.

Baada ya ajali mgongo wangu ulikaza nikawa siwezi kuvaa soksi. Daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo huko Yorkton, msichana wa miaka ishirini na saba aitwaye Janelle, kwao ni upande wa Kamsack. Ana sauti ndogo, na anacheka kwa mabega. Nilipomwona nilijisemea moyoni, huyu atanifundisha nini mimi?

Siku ya kwanza hakunikanda wala kunipa dawa. Alinikalisha kwenye kigoda kisicho na mgongo, akanibandika kijidude kiunoni kilichounganishwa na kompyuta, akanifunga macho kwa kitambaa.

"Bi. Orysia, nitakuweka mkao mmoja," akasema. "Ukariri. Halafu ulegee kabisa, kisha urudi mwenyewe palepale. Ukifika uniambie."

Nikafanya. Ilikuwa mchezo wa watoto, niliona.

"Nimefika," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Binti yangu, nimeanza kunyanyua watu wewe ukiwa na miaka mitano. Nimefika."

Akanirudisha tena, mara ya pili, mara ya tatu, hata mara ya tano. Kila mara nilisema nimefika, tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Kisha akanifungua macho, akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa pale aliponiweka na mwingine wa pale niliporudi. Kwa wastani nilikosea kwa digrii kumi na moja, na karibu kila mara kwa upande uleule, mbele na kushoto.

Akanieleza kwamba mgongo una habari zake unazozipeleka kichwani kila wakati, uko wapi na unakwenda wapi, hata macho yakiwa yamefumba. Kwa watu wengine wenye maumivu ya muda mrefu kiunoni habari hizo hupotea njiani au hufika zimepotoka. Mtu haoni giza wala kizunguzungu. Anaona ana hakika. Mgongo umeinama, naye anaapa umenyooka.

Nestor, nililia pale kwenye kigoda. Janelle akadhani nimeumia, akaniletea maji. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwangusha mama yangu." Wa kwanza kuambiwa hakuwa padri, wala mume wangu, wala wewe. Alikuwa msichana niliyemfahamu kwa dakika arobaini.

Hakunifariji kwa maneno ya haraka. Alikaa kwenye kigoda cha pili, mikono mapajani, mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, "Sasa tuanze kazi."

Kazi yenyewe ungeicheka. Napiga magoti na viganja chini kama ng'ombe malishoni, napandisha kiuno, nakishusha, pole pole, nikisikiliza. Nakaa juu ya mpira mkubwa wa hewa na kuzungusha nyonga bila kusogeza mabega. Navuta tumbo la chini ndani kidogo tu, kama mtu anayefunga zipu ya suruali inayobana, nikiendelea kupumua. Kwanza mbele ya kioo, mkono mmoja ukiwa kiunoni uniambie ukweli. Kisha bila mkono, mwisho bila macho. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni, basi.

Lakini unanijua. Sisi tulilelewa na baba aliyeamini kwamba kazi isiyokutoa jasho ni mchezo. Nilisema kama dakika kumi na tano zinasaidia, saa nzima itasaidia mara nne. Nikawa najifungia chumbani, nafanya mpaka kiuno kinatetemeka. Lawrence akawa anagonga mlango, "Orysia, unanoa shoka humo ndani?" Nikaongeza na mizigo, nikabeba maji, nikazoa theluji ya jirani.

Baada ya wiki nne Janelle akanipima tena. Nilikwenda kama mwanafunzi anayengoja zawadi. Kosa lilikuwa limepanda: digrii kumi na tatu.

Nikawaka. Nikamwambia mashine yake ni mbovu.

"Mashine haina tatizo. Nyumbani ulifanya kwa muda gani?" akauliza.

"Kama ulivyoniambia."

"Bi. Orysia."

"Basi, nilizidisha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nilipomwambia, mabega yake yalicheka, kisha akawa mkali kuliko nilivyomdhania. Akasema misuli iliyochoka ndiyo inayopeleka habari mbaya kuliko zote. "Ukiuchosha mgongo unakuwa mmbeya. Hauoni vizuri, lakini hauachi kusema. Wewe hukuufundisha, uliupigia kelele. Sasa uuache uzungumze, wewe unyamaze usikilize."

Nilirudi nyumbani kilomita hamsini bila kuwasha redio. Nilikuwa naikumbuka ile Alhamisi, zamu ya watu wanne, ile theluji na sepetu. Kwa hiyo nilipomwinamia Mama nilikuwa na mgongo mgonjwa, tena mgongo uliochoka. Ilikuwa kama kipofu amefungwa macho mara mbili. Na kama ningesema neno moja tu, nimechoka, Mama, tumngoje Lawrence, angengoja. Nilikuwa na wakati wa kulisema. Sikuwa na ujasiri.

Nikaanza upya. Dakika kumi na tano, na saa ya jikoni ikilia naacha hata kama natamani kuendelea. Hilo ndilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote, kuacha. Wiki ya nane kosa likashuka hadi digrii saba. Wiki ya kumi na mbili likawa nne. Janelle hakunidanganya kwamba nimepona. Alisema wengine hufanya kila kitu sawasawa na vipimo visiende popote, ila maumivu yakapungua. Wengine hupata vipimo vizuri na maumivu yakabaki. Na hata wasomi bado wanabishana kwa nini. Mimi bado naumwa, asubuhi hasa. Lakini siku moja ya Machi nilikuwa naosha vyombo, na ghafla nikausikia mgongo wangu. Sijui nikuelezeje. Si maumivu. Nilisikia tu kiuno kinaondoka taratibu kuelekea kushoto, kama kondoo anayejitoa kundini, nikakirudisha. Nikasimama pale, mikono kwenye povu, nikamwita Lawrence. Akaja mbio akidhani nimejikata. Nikamwambia, "Nimekisikia." Akauliza nini. Nikasema, "Kiuno changu." Maskini akanitazama kama nimeokota dini mpya.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani mwishoni mwa Machi. Safari hii mashine ya kunyanyulia ilikuwa imeshafika kabla yake. Yeye aliichukia. Alisema inamning'iniza kama nguruwe wa Krismasi. Lawrence ndiye anayeiendesha, na kila mara anamwambia, "Shika kofia, Mama mkwe, ndege inapaa," naye anamtukana kwa lugha ya kijijini kwao, na kwa njia hiyo kazi inakwisha.

Sasa nikuambie yaliyotokea Jumamosi Kuu, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishindwe kukaa kimya zaidi.

Kikapu cha Pasaka kilikuwa tayari mezani, mkate, mayai, soseji, siagi niliyoichonga umbo la mwanakondoo. Mama alitaka kukipeleka mwenyewe kanisani kikabarikiwe. Krismasi yote alikuwa hospitalini, basi hili alilingoja kama mtoto. Ibada ilikuwa saa tisa. Saa nane na nusu Lawrence akapiga simu kwamba lori limemkwamia kwenye tope njia ya shamba, hajui atafika lini. Mama alikuwa ameshavaa, kitambaa cha maua kichwani, amekaa kitandani. Kiti cha magurudumu kiko hatua moja tu mbele yake. Mashine ilikuwa chumba cha pili, na peke yangu kuifunga na kuifungua ningechukua nusu saa.

"Ninyanyue tu mwanangu," akasema. "Hatua moja. Wewe una mgongo wa farasi."

Nikaenda. Nikainama. Akanizungushia mikono shingoni kama zamani, nikasikia harufu ya sabuni yake ya lavenda. Nikahesabu moja, mbili. Na kabla sijasema tatu, kabla uzito wake haujaja, nilikisikia kiuno kinaondoka, mbele na kushoto, kama vile Janelle alivyonionyesha kwenye mstari wake. Kilikuwa bado kidogo sana. Zamani nisingekisikia kamwe. Nikajaribu kukirudisha, kikakataa; asubuhi nzima nilikuwa nimesimama nikioka.

Nikatoa mikono yangu kiunoni mwake, nikapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mama," nikamwambia, "siwezi."

Nina miaka hamsini na sita, Nestor. Sidhani nimewahi kulisema neno hilo, wala yeye, wala mtu yeyote wa nyumba ile.

Nilidhani amekasirika kwa ajili ya kikapu. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Siku ile uliinama hivyo hivyo," akasema.

"Siku gani?"

"Usinifanye mjinga. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwako. Niliusikia ukipinda mapema, wewe bado unahesabu. Nikajua tunaanguka."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimekaa na maneno yale miezi minne, yakatoka yote kwa pamoja. Akanikatiza.

"Nyamaza kwanza. Hukuniangusha. Niliachia."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kichwa changu kilikuwa kinaelekea kwenye ukingo wa sinki, na mikono yake shingoni mwangu ndiyo iliyokuwa inanivuta. Angeng'ang'ania, ningeshuka naye, na sinki ingenipata hapa kwenye paji. Basi akafungua vidole.

"Mifupa yangu ina miaka themanini na minne," akasema. "Ya nini kuvunjika wawili? Nani angempikia Lawrence?"

Nilikasirika, Nestor. Sikuona haya kukasirika. Nikamuuliza kwa nini alinitazama kule hospitalini akaacha nibebe mzigo ule wakati wote. Akasema alinitazama kuniambia ninyamaze, akidhani naelewa. Kumbe yeye alikuwa ananificha mimi, mimi najificha nyuma yake, na kila mmoja ameshika nusu ya jambo, tunaulizana asubuhi kama tumelala vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulibakiza kidogo tu.

Tulilia wote wawili, yeye kitandani, mimi sakafuni. Ibada ilianza bila sisi. Saa kumi kasoro Lawrence akaingia na tope mpaka kiunoni, akatuona tulivyo, akadhani Mama amefariki ameketi. Alipoelewa, hakuuliza zaidi. Alichukua kikapu vilevile alivyo, akakikimbiza kanisani, akamkuta padri anafunga mlango. Alirudi na maji ya baraka usoni yamechora mistari kwenye tope. Mama akasema hajawahi kuona mkristo mchafu aliyebarikiwa vizuri hivyo.

Tangu siku ile tumezungumza, mimi na Mama, mazungumzo ya watu wazima. Nilimsomea barua yako ya Januari, ambayo nilikuwa nimemficha. Naam, na hiyo nilimficha. Alisikiliza yote, akasema wewe una haki katika nusu na umekosea katika nusu. Nyumba haiuzwi yeye akiwa hai. Lakini kuhusu kwenda, ameamua mwenyewe: baada ya mavuno, tarehe mosi Oktoba, atahamia nyumba ya wazee ya hapa Canora, si ya Yorkton. Nilipoanza kubisha akaniambia, "Naondoka kabla hujachoka, si baada. Nataka kuondoka tukiwa bado tunapendana."

Ndiyo, ni pale pale ninapofanya kazi. Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza ukweli kuhusu mgongo wangu. Nilidhani atanifukuza. Amenitoa kwenye kunyanyua, na kuanzia Juni nitawafundisha wahudumu wapya. Nimemwambia somo la kwanza litakuwa la macho yaliyofumbwa, kila msichana aseme mgongo wake uko wapi, kisha atazame kioo. Na la pili litakuwa kusema siwezi, kwa sauti, mbele ya wenzake, mpaka lizoeleke kinywani.

Kwa hiyo Mama atakapokuwa pale nitamwona kila siku. Nitamchana nywele, nitamlisha, nitagombana naye. Kumnyanyua, watamnyanyua wengine, wawili wawili, kama inavyotakiwa. Nimelia kwa hilo pia. Lakini nikilipima moyoni naona ni sawa.

Daktari anasema moyo wake umechoka kidogo tangu upasuaji. Hajasema miezi wala miaka, na sikumlazimisha aseme. Nakuambia tu ili usihesabu kwamba muda upo. Njoo Oktoba, umpeleke wewe. Anataka mwanawe ndiye asukume kile kiti siku ile. Na kama una hasira nami, usiiache Whitehorse ikaozea huko, njoo nayo. Chumba chako kipo, na mlango wake unafungwa vizuri ukihitaji kuubamiza.

Jambo la mwisho. Usinijibu kwa simu. Simu ndiyo iliyonisaidia kukudanganya miezi mitano. Niandikie, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni mbaya. Nitausoma nimekaa.

Nisalimie sana Colleen, na umwambie skafu aliyomfumia Mama haimtoki shingoni hata kwenye jua. Wasalimie Teddy na Halya, na mwambie Halya bibi yake bado anangoja ile picha ya mbwa wa theluji. Lawrence anakusalimu, anasema ukija uje na buti. Bi. Doreen na wanawake wote wa ukumbini wanakusalimu. Mama anasema hakutumii salamu, anakutumia amri, ule vizuri na usali.

Mungu alinde njia zenu na paa lililo juu yenu, na atukutanishe mezani tukiwa bado wengi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda leo bila kukuficha kitu,

Orysia